Neno Nililolisema Mwaloni

Nimezaliwa upande wa Sengerema. Nilipomaliza darasa la saba nilivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja Mwanza kutafuta kazi, nikaipata kwenye boti za kukokota nyavu. Nimezeekea kazi hiyo. Mwishoni nilikuwa serengi wa boti ya utafiti. Ninaandika nikimfikiria mtu ambaye wenzake humsikiliza kwa sababu tu amekaa kazini muda mrefu. Nami nilisikilizwa hivyo, na siku moja neno langu lilimfukuza kijana mwaloni.

Nilianza miaka ya 1980. Wazee wa boti walikuwa wakisimulia jinsi furu, samaki wadogo wa ziwani, walivyokokotwa kwa tani katika Ghuba ya Mwanza, wakapelekwa kiwandani kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Mimi niliukuta mwisho wa enzi hiyo. Kila msimu furu walipungua na sangara wakaongezeka, hata kufikia mwaka 1987 hivi, mfuko wa nyavu ukifunguliwa sitahani, waliomwagika walikuwa sangara karibu watupu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakiwatafiti furu Mwanza tangu 1977, waliokota waliobaki mmoja mmoja na kuwatia chupani. Sisi vijana tuliona wanacheza. Hatukujua kwamba baadhi ya samaki wale wasingeonekana tena.

Kwa asiyeijua, nyavu ya kukokota ni mfuko mrefu. Juu ya mdomo wake kuna kamba ya maboya inayouinua, chini kuna kamba nzito inayoburuta kwenye tope, na mbele, kila upande, kuna ubao mzito wa kuupanua mdomo boti inapovuta. Vyote hivyo hufanya kazi mahali jicho halifiki. Ziwa Victoria lina kina cha wastani wa mita 40, na penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, lakini hata kwenye mita kumi maji yetu ya kijani hayakuonyeshi kitu. Kwa hiyo tulijifunza kuusikiliza waya. Unaweka kiganja juu ya waya unaotoka kwenye winchi, na mtetemo unakupa habari. Ukikwaruza, chombo kiko chini. Ukiwa mzito na umenyamaza, mmezoa tope. Ukilegea ghafla, kuna kitu kimekatika.

Nilikuwa hodari wa jambo hilo, na manahodha walinitafuta kwa ajili yake. Ustadi ule ulikuwa wa kweli. Sitaudharau leo ili nionekane mnyenyekevu. Ubaya ulianzia pengine. Waya ulinipa habari za nyavu, nami nikawa nazitoa kwa watu kama habari za ziwa. Nyavu ikijaa, nilisema mwaka huu samaki wapo. Ikipanda tupu, nilikuwa na sababu tayari, na mara nyingi sababu yangu ilikuwa mtu fulani: wenye kokoro, Wakenya, Waganda, vijana wasiosikia. Miaka ya 1990 kukokota nyavu kibiashara kulipopigwa marufuku upande wetu wa ziwa, nilichukuliwa kwenye boti ya utafiti. Nilihamia huko na mazoea yangu yote.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye masoko yake, kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa sumu za kuulia wadudu. Mwanza tuliumia. Viwanda vya minofu vilikosa soko, mawakala wakaacha kununua, vijana wakakaa mwaloni kutwa bila kazi. Hata zuio lilipoondolewa, ukitaka kuwasha watu ilitosha kutaja sumu.

Miaka michache baadaye, mwezi wa pili, tulikokota nje ya ghuba, kwenye maji makuu. Nyavu ilipanda na tope jeusi linalonuka mayai viza, na samaki hamna. Tuliporudi karibu na nchi kavu tukakuta sangara wakubwa wanaelea, matumbo juu, wengine bado wakihema. Mwaloni watu walikuwa wamekusanyika. Mzee mmoja akaniuliza, "Serengi, wewe umetoka huko. Hii ni nini?"

Ningeweza kumjibu kwamba sijui. Nilimjibu, "Hii ni sumu. Hata huko nje tumekokota patupu."

Wakaulizana nani alilala majini usiku ule. Ukatajwa mtumbwi wa kijana mmoja, mgeni pale, aliyekuwa akitega jarife na mdogo wake. Kisha wakanitazama mimi. Nilijua wanachotaka, na kwa kweli nilipenda kutazamwa vile. Nikasema, "Anayejitenga na wenzake gizani ana lake."

Nilisema hayo tu. Sikunyanyua mkono. Lakini kabla ya jua kuzama jarife zake zilikuwa zimechomwa, na yeye mwenyewe alipona kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alimficha nyumbani hadi usiku. Asubuhi hakuwepo. Niliuliza kama walipata sumu mtumbwini, wakaniambia hawakupata. Nikasema atakuwa ameitupa majini. Nikala, nikalala. Miaka mingi nililala vizuri juu ya jambo lile, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ninapolikumbuka.

Nilikuwa nakaribia kustaafu alipoletwa kwenye boti yetu binti mmoja, fundi wa vifaa vya utafiti. Aliniamkia, "Shikamoo baba," nikaitikia huku nikitazama kwingine. Alikuja na masanduku ya vihisi. Kimoja alitaka kifungwe katikati ya kamba ya maboya, kipime mdomo wa nyavu uko juu kiasi gani kutoka chini. Viwili vilikuwa vya zile mbao za pembeni, vipime umbali kati yao. Alieleza kwamba mawimbi ya redio hayaendi mbali majini, kwa hiyo vihisi hupeleka habari kwa sauti ambayo sikio letu haliipati. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kila sekunde. Chombo kilicho kwenye boti huipokea, na nahodha anaona tarakimu nyavu ikiwa bado kazini. Alisema Wanorwei wamevitumia kwa miaka mingi, hata kwenye meli yao ya utafiti, Dr Fridtjof Nansen.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nakokota kabla hujazaliwa."

Akajibu, "Ndiyo maana nataka uvifunge wewe, baba. Mimi sijui mahali ambapo havitavunjika."

Nilivifunga shingo upande. Hata hivyo nilivifunga vizuri, maana sijui kufunga vibaya.

Mkokoto wa kwanza nilishika waya kama kawaida, nikasikia mkwaruzo, nikatangaza kwamba tuko chini, nahodha aandike saa. Binti akasema taratibu, "Bado, baba. Nyavu haijafika." Nilicheka kwa sauti ili wenzangu wasikie. Baada ya muda mfupi mtetemo ukabadilika kiganjani mwangu, ukawa mzito zaidi, na hapohapo nikaelewa. Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa wa mbao. Mbao ndizo zinazotangulia kugusa chini. Nyavu huwa bado inaelea nyuma yao. Nilikuwa nimeyasikia mambo hayo mawili maisha yangu yote nikayahesabu kuwa moja. Sikusema kitu. Nilinyamaza nikijifanya ninakaza fundo.

Jioni alikaa nami akanionyesha hesabu. Boti ya utafiti hukokota dakika 30 kwa mwendo wa noti tatu hivi, sawa na karibu mita 2,800. Mdomo wa nyavu ukiwa wazi mita 10, tumefagia hekta 2.8. Samaki 100 wakiingia, ni kama 36 kwa hekta. Lakini mdomo ukiwa umejikunja hadi mita 7, hekta ni chini ya 2, na samaki walewale 100 ni zaidi ya 50 kwa hekta. "Kwa hiyo, baba," akasema, "bila kujua mdomo ulikuwa wazi kiasi gani, hatujui tumeona samaki wengi au wachache." Nilifikiria mikokoto yote ambayo nilishuka nayo mwaloni kutangaza kwamba samaki wameisha.

Kulikuwa na kihisi kingine kisichopeleka sauti yoyote. Kilikaa kwenye kamba ya maboya kikiandika kumbukumbu ya kina, joto na oksijeni, na nyavu ikipanda kinaunganishwa na kompyuta. Hicho ndicho kilichonifikisha mwisho wa ubishi wangu.

Ulikuwa mwezi wa pili tena, maji makuu yaleyale. Nyavu ikapanda na lile tope jeusi la mayai viza, samaki hamna. Baharia mmoja kijana akasema, "Serengi, hapa pamewekwa sumu." Alilisema kwa sauti yangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Kabla sijajibu, binti alikuwa amefungua kumbukumbu. Karibu na uso wa maji oksijeni ilikuwa miligramu saba hivi kwa lita. Ilishuka polepole, kisha ilipopita mita 40 ikaanguka, na pale nyavu ilipokuwa inaburuta haikufika hata moja. Akasema chini ya mbili sangara hawezi kukaa. Huhama, na asipopata pa kuhamia hufa. Nyavu yetu ilikuwa imefanya kazi vizuri kabisa, ikifagia mahali ambapo hakuna samaki anayeweza kupumua.

Nikamwomba anieleze kama mtoto. Akasema miezi ya joto maji ya juu hupata moto na kuwa mepesi, yakakaa juu ya maji baridi yasichanganyike. Mwani unaostawi kwa mbolea na uchafu tunaolimwagia ziwa hufa na kuzama, na unapooza huimaliza oksijeni ya chini. Mwezi wa sita hadi wa nane upepo mkali wa kusini na ubaridi hulikoroga ziwa, chini kukapata hewa tena. Lakini upepo ukivuma vibaya wakati wa joto, unaweza kuyasukuma maji ya juu upande mmoja, na yale ya chini yasiyo na hewa yakapanda hadi kwenye ufuko. Samaki waliobanwa hapo hufa, na sangara wakubwa huwa wa kwanza. Akaniambia kwamba kwenye Ghuba ya Nyanza, upande wa Kenya, watafiti waliandika juu ya vifo vya namna hiyo tangu miaka ya 1980.

Kwa hiyo siku nilipomhukumu yule kijana, elimu hii ilikuwapo. Tangu Agosti 1999 watafiti wa nchi zetu tatu walikuwa wakilizunguka ziwa zima wakihesabu samaki kwa mawimbi ya sauti, na safari zao walizipanga mwezi wa nane na wa pili kwa sababu walijua maji ya miezi hiyo hayafanani. Watu waliojua nilikuwa nawabebea ndoo na kuwachemshia chai. Sikuwahi kuwauliza, kwa kuwa aulizaye hukiri kwamba kuna asilolijua.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda kumtafuta kesho yake. Sikwenda. Nilijitetea moyoni kama wakili. Nilisema kihisi kimeonyesha ya mwaka huu, hakijaonyesha ya mwaka ule. Hilo ni kweli hadi leo. Hakuna chombo kitakachorudi nyuma kuniambia nini kiliwaua sangara wale. Huenda hata ilikuwa sumu kweli. Lakini kila niliposhikilia utetezi huo uliniuma mkononi, maana ulikuwa unanihukumu mimi. Kama hata sasa siwezi kujua, siku ile nilijuaje? Kijana yule sikumwona na sumu. Nilikuwa na nyavu tupu, nikaijaza kwa jina lake.

Nilimweleza mke wangu. Hatukuwa tumewahi kuliongea. Akaniambia, "Baba nanihii, mimi nilijua. Nilikuwa nasubiri wewe ujue." Ndipo nikaulizia, nikasikia kwamba yule kijana yuko kisiwani Kome, anavua dagaa, ana mtumbwi wake na vijana wake.

Nilivuka Kamanga, nikapanda gari hadi Sengerema na kuendelea hadi Nyakaliro, kisha kivuko cha Kome. Nilimkuta akigeuza dagaa juani. Alinitambua kabla sijafika. "Mwangaluka, mzee," akasema, nami nikaitikia, miguu ikinitetemeka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilichoweza kusema ni kwamba mimi ndiye niliyesema siku ile, kwamba sikuwa najua, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Kisha nikamweleza habari za kihisi, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Hicho kidude kinapima hewa ya majini?" Nikasema ndiyo. Akauliza kinafungwa wapi, kinaonyesha kina gani, kama dagaa nao hukimbia hewa ikipungua. Nilimjibu yale niliyoyajua, na mengine nikamwambia sijui. Alinishika mkono akaniketisha kwenye mkeka, akaagiza nipikiwe. Mkewe alileta ugali na dagaa, akaweka chini, akaondoka bila kunisalimu. Sikumlaumu. Alikuwa na haki ya kunimwagia chakula kile.

Tulipokuwa tunanawa mikono aliniambia, "Mzee, mdogo wangu aliacha kuvua tangu siku ile. Huyo sitakusemea. Lakini mimi nimekusamehe zamani, ili nipate usingizi." Nilikuwa nimelala miaka yote hiyo, na yeye aliyeonewa ndiye aliyekuwa akitafuta usingizi. Nililia mbele ya vijana wake. Nilimpa fedha kidogo za jarife zake. Akapokea sehemu, nyingine akanirudishia nauli. Sikustahili ugali ule, sembuse nauli.

Aliomba jambo moja: kwamba maneno niliyomwambia yeye nikayaseme kule mwaloni nilikoyaanzisha. Nilikwenda kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, nikasimama mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa au walikuwa watoto siku ile. Nilieleza habari za maji yasiyo na hewa, kisha nikalitaja jina lake nikasema nilimshuhudia uongo. Baadhi walikasirika kwamba ninafukua mambo. Mzee mmoja alitoka nje. Yule mwenyekiti wa mtaa, sasa hawezi kutembea vizuri, alinyanyua fimbo yake akasema tu, "Afadhali."

Nisingependa udhani kwamba chombo kiliniokoa. Baada ya hayo nilianza kukiamini kihisi kama nilivyojiamini mwenyewe zamani. Siku moja tarakimu za upana wa mdomo zilikuja ndogo mno, nami nikatangaza kwa kujigamba kwamba nyavu imejikunja. Binti akasema, "Hebu tupandishe tukague." Kihisi kilikuwa kimelegea kwenye ubao, kimegeuka upande. Kiganja changu kilikuwa kimeniambia kwamba nyavu iko sawa, nami nikakidharau kwa sababu sasa nilikuwa na bwana mpya. Binti akaniambia tuandike vyote viwili: ulichosema mkono na kilichosema kihisi. Tulifanya hivyo hadi nilipostaafu.

Sasa ninakaa nyumbani Mwanza, na watu wa mwaloni bado huniuliza mambo ya ziwa. Nimejifunza kujibu kwa kueleza kwanza nimejuaje: hili niliona kwa macho, hili nilishika kwa mkono, hili niliambiwa na mtaalamu, hili ninakisia. Mara nyingi nikifika kwenye la mwisho watu huona nimezeeka. Na iwe hivyo.

Ndugu msomaji, huenda nawe ni fundi, nesi, mwalimu, mzee wa kanisa au wa msikiti, na watu hukutazama wakisubiri utaje jina. Uzoefu wako ni mali, usiutupe. Ila ukiulizwa usilolijua, sema hujui, mbele yao wote, hata kama watakushangaa. Na kama umekwisha kumtaja mtu, usingoje chombo kije kukuthibitishia. Kutoka Mwanza hadi Kome ni mwendo wa siku moja tu, na mimi ulinichukua karibu nusu ya umri wangu wa kazi. Ninamshukuru Mungu kwamba nilipofika, niliyemkosea alikuwa hai, na alikuwa mwema kuliko mimi.